HATI SAFI NA HESABU YA MLIPA USHURU

Kila mwaka, ifikapo mwisho wa mwezi wa Machi, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali humkabidhi Rais taarifa zake, nazo hufika Bungeni mwezi wa Aprili. Siku hizo katika ofisi zetu za Tabora, na vivyo hivyo Nzega na Urambo, swali huwa moja tu: Je, Halmashauri yetu imepata hati safi? Ikiipata, watu hupeana mikono na shauri huishia hapo. Sisi twaona kwamba haliishii hapo, na wale ambao maneno yetu yatawakera twawaomba radhi mapema.

Hati safi maana yake ni kwamba hesabu zimeandikwa kwa kufuata kanuni, na kwamba zaonyesha sawasawa hali ya fedha ilivyokuwa hadi tarehe 30 Juni. Haisemi kwamba kisima kilicholipiwa chatoa maji, wala kwamba saruji ilinunuliwa kwa bei ya haki. Mambo ya namna hiyo hutafutwa katika kurasa za ndani, penye hoja za mkaguzi, na kurasa hizo ndizo zisizosomwa. Tena kutoka Juni hadi Aprili ni muda mrefu. Aliyeidhinisha malipo huenda amekwisha hamishiwa wilaya nyingine, na anayeitwa kujibu ni karani aliyebaki na jalada.

Sisi tukaao katika njia ya zamani ya misafara, itokayo Bagamoyo kwenda Ujiji, tunalo neno moja la kutufikirisha. Zamani hizo hongo halikuwa neno la aibu: ulikuwa ushuru wa njia, nguo na shanga alizotoa mwenye msafara kwa mtemi apate kupita. Kiasi chake kilitegemea mapatano ya siku ile, na aliyetoa hakupewa stakabadhi. Leo neno lilo hilo ni jina la rushwa, nasi twaona lugha haikukosea sana. Baadaye, chini ya sheria ya 1926 iliyowapa watemi madaraka, ziliwekwa hazina za wenyeji, na vitabu vyake vikaandikwa na makarani. Walakini aliyevikagua alikuwa Bwana Shauri. Mlipa kodi wa Unyanyembe hakusomewa. Hesabu ilipanda juu, haikushuka.

Je, leo yashuka? Katiba, katika ibara ya 146, yasema kwamba serikali za mitaa zipo ili kuwapelekea wananchi madaraka. Lakini mkaguzi wa ndani wa Halmashauri huipeleka taarifa yake kwa Mkurugenzi, na Mkurugenzi ndiye afisa masuuli, yaani mwenye kujibu kwa vitabu vile vile vinavyokaguliwa. Ni vigumu kumkagua bila hofu mtu atiaye sahihi likizo yako.

Tutoe mfano. Tangu 2018 sheria imezitaka Halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo, baada ya wakaguzi kuonyesha fedha zisizorejeshwa na vikundi visivyoonekana vilipo. Ikarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Maana yake ni kwamba mama auzaye karanga sokoni, aliyekwisha rejesha kila shilingi, alikosa mkopo kwa kosa la kikundi kisichokuwapo. Nacho kikundi hicho hakikujiandika chenyewe. Kilikuwa na fomu, na fomu ilipita mezani kwa mtumishi, ikatiwa sahihi na mhuri.

Hapo ndipo habari inapotuhusu sisi makarani. Jibu tulizoealo ni "niliagizwa." Basi agizo liombwe kwa maandishi na litiwe katika jalada, hata kama mkubwa atanuna, na karani atakayeteswa kwa kuomba hivyo, chama hiki kina wajibu wa kusimama naye kama kisimamavyo katika mambo ya mishahara. Bali karani afichaye hati ya malipo siku ya mkaguzi, au anayekusanya ushuru sokoni kwa mashine na fedha zisifike benki, asitazamie barua yetu ya kumtetea.

Kwa Halmashauri twaomba jambo dogo. Hoja za mkaguzi zinazohusu kata fulani zibandikwe katika ubao wa ofisi ya kata hiyo, kwa Kiswahili chepesi, pamoja na cheo cha aliyeidhinisha malipo na jibu alilolitoa. Ikiwa shida ni uhaba wa karatasi, mashine yetu ya kuchapia ipo, na wanachama wa kuizungusha wapo.