Ukubwa wa nge si kipimo cha sumu yake

Kumwogopa nge kwa ukubwa wake ni kupima sumu kwa rula. Hadrurus arizonensis wa jangwa la Sonora, mwenye vinyweleo, hufikia sentimita 14 hivi, lakini akimdunga mtu kwa kawaida huacha maumivu na uvimbe tu. Magando yake manene humtosha kukamatia hata mjusi mdogo. Centruroides sculpturatus, wa jangwa hilohilo, ni kama nusu yake, magando membamba, na ndiye anayepeleka watu hospitalini. Mtasema kwamba wapo wenye mzio. Kweli, na wawahishwe kwa daktari. Ila mzio wa namna hiyo hata nyuki huuamsha. Huyu mkubwa hujichimbia mchana, usiku hula wadudu. Mwacheni, kung'uteni viatu kwa ajili ya yule mdogo.