Amepigana na Nani?

Usiku wa Septemba 3, 2022, kibanda umiza tulichokuwamo Kasulu kilijaa hadi mlangoni. Kule Liverpool, Liam Smith akammaliza Hassan Mwakinyo raundi ya 4. Kabla hatujainuka, kijana wa mbele yangu akasema, "Rekodi imeharibika. Kwisha habari yake." Wenzake wakaitikia. Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo bado.

Imeharibika kivipi? Mwakinyo alimfuata nyumbani kwake mtu aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa WBO. Angebaki hapa akipiga mabondia waliookotwa wiki ya pambano, rekodi ingeng'aa na tungemshangilia.

Tumesahau upesi. Septemba 8, 2018, Birmingham, Mwakinyo aliitwa kuziba nafasi dhidi ya Sam Eggington. Wenyeji walimwona msindikizaji tu. Raundi ya 2 mwamuzi akamwokoa Eggington.

Sisi Waha tunajua kununua maharage. Hakuna anayelipa kwa kutazama mdomo wa gunia. Unatia mkono mpaka chini, maana huko ndiko huwekwa mapumba. Rekodi ya bondia nayo ina chini yake. Aliowapiga ni nani? Walikuwa na uzito gani? Walipewa siku ngapi za kujiandaa? Ushindi 20 bila majibu hayo ni gunia ambalo halijafunguliwa.

Tena yapo yasiyoandikwa humo kabisa. Titus Simba alileta fedha ya Jumuiya ya Madola kutoka Edinburgh mwaka 1970. Michael Yombayomba akaleta dhahabu kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998. Rekodi ya ngumi za kulipwa haihesabu medali hizo. Tuseme hawakuwa mabondia?

Hili si suala la ubishi wa kijiweni. Kijana wa Kibondo au Kasulu anayepiga gunia la mchanga akitusikia, anajifunza kuwakwepa wapinzani wazuri. Akipigwa kwa KO, atakimbilia ulingoni upesi ili kufuta aibu, kichwa kikiwa hakijapona. Nambari hurekebishika, ubongo haurekebishiki.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa kibandani, siku nyingine usianze na "ameshinda mangapi?" Anza na "amepigana na nani?" Ukikosa jibu, kaa kimya tutazame.