Tusiishie Kwenye Kubofya

Kila yanapotoka matokeo ya kidato cha nne, wazazi wa Karatu hutuuliza swali lile lile: kijana apelekwe kozi fupi ya kompyuta apate kazi ya mapokezi katika hoteli za njia ya Ngorongoro, au aendelee na masomo? Kozi ile si mbaya, ila humfundisha kubofya tu. Sisi tunaona baadhi ya watoto wetu wafike mbali zaidi, hadi kwenye somo ambalo hata wanafunzi wa chuo kikuu huliogopa: muundo wa ndani wa kompyuta na kuandika programu kwa lugha ya asembli.

Humo mwanafunzi huanza upya, alifu kwa ujiti. Hujifunza kwamba mashine haijui herufi wala picha, inajua 0 na 1 tu. Huiamuru prosesa hatua kwa hatua: weka 5 kwenye rejista, ongeza 3, peleka jibu kwenye kumbukumbu. Katika prosesa ya Intel 8086 ya mwaka 1978, ambayo vyuo vingi vimeitumia kufundishia, rejista ina biti 16, kwa hiyo hesabu yake kubwa ni 65,535. Ongeza 1, inarudi 0, wala haipigi kelele! Aliyezoea kubofya tu atalikubali jibu hilo kwa kuwa kompyuta ndiyo iliyosema.

Wapo wasemao elimu hii imepitwa na wakati, maana programu nyingi leo huandikwa kwa lugha nyepesi. Ni kweli, lakini lugha hizo nazo mwishowe hugeuzwa kuwa amri za prosesa, hata ndani ya simu ya mkononi. Nchi yetu ilishaonja taabu ya mashine bila wajuzi. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kufika 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku. Mashine zilikuwapo, wataalamu wa kwetu walikuwa wachache mno.

Na hizo kazi za hoteli? Mwaka 2019 watalii zaidi ya milioni 1.5 waliingia Tanzania. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, hawakufika 700,000. Nani hapa Karatu hakumjua aliyerudishwa nyumbani?

Basi mtoto apendaye hesabu na fizikia asikatishwe njiani. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma vinafundisha taaluma ya kompyuta. Wala asingoje kununuliwa mashine. Likizo hii ajaribu kuhesabu kwa 0 na 1 akitumia vidole: gumba ni 1, cha shahada 2, cha kati 4, cha pete 8, cha mwisho 16, kilichokunjwa ni 0. Atakayefika 31 kwa mkono mmoja bila kukosea, aje atuonyeshe madrasa ikifunguliwa.