Uwanja wa Umma Si Kiwanja cha Mtu



Wapo watakaouliza: katika Garissa, ambako akina mama wahangaikia maji na mfugaji alilia malisho, pana haja gani kuzungumzia bustani na viwanja vya michezo? Twawajibu kwamba mji huo umeijua thamani ya uwanja kwa machungu makubwa.

Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini humo, majeshi ya usalama yaliteketeza mtaa wa Bulla Kartasi na kuwakusanya wakazi katika uwanja wa Shule ya Msingi ya Garissa. Mahali pa watoto kuchezea paligeuzwa zizi la binadamu, wakazuiliwa siku kadhaa bila chakula wala maji. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyatia maovu hayo katika ripoti yake ya mwaka 2013. Yaliwezekana kwa kuwa Kaskazini Mashariki ilitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari tangu 1963 hadi 1991. Chini ya sheria za namna hiyo, uwanja si wa umma. Ni wa mwenye bunduki.

Mwaka huo wa 1991 ndipo Kifungu cha 2A kilipofutwa na vyama vingi vikarejea. Lakini bunduki ilipowekwa kando, kalamu ya mnyakuzi ilishika zamu. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilifichua jinsi ardhi ya umma, viwanja vya michezo vikiwemo, ilivyogawiwa kuwa zawadi za kisiasa. Hata Januari 2015, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirushiwa gesi ya kutoa machozi kwa kuutetea uwanja wao. Waumini waijua kesi ya Nabothi: Ahabu hakukosa shamba, alikosa kiasi.

Hata hivyo, wanyakuzi hushindwa. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alisimama kupinga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, na jumba hilo halikujengwa. Laiti lingejengwa, mama za wafungwa wa kisiasa wangegomea wapi chakula mwaka 1992? Penye uwanja, mnyonge ana mahali pa kusimama.

Katiba ya 2010 haina utata. Jedwali la Nne laikabidhi kaunti kazi ya bustani na mahali pa burudani. Kifungu cha 62 chakataza ardhi ya umma kutolewa ila kwa mujibu wa sheria ya Bunge. Kifungu cha 35 chatupa haki ya kupata habari.

Basi twaidai Serikali ya Kaunti ya Garissa: itangaze orodha ya kila uwanja wa wazi mjini, pamoja na mipaka yake, ihakikishe kila uwanja wa shule umepimwa na una hati kwa jina la umma, na uwanja ule wa 1980 uhifadhiwe uwe wa michezo na wa kumbukumbu.

Nanyi wasomaji, ulizeni makanisani, misikitini na katika mabaraza: hati iko wapi? Anayenyamaza uwanja ukichukuliwa leo, kesho atanyang'anywa kisima.