Maneno Mafupi ya Kiingereza: Herufi O, U, G na H

Wasomaji kadhaa wametuletea malalamiko ya namna moja, nayo ni haya: mtu akishajua kusoma Kiswahili hasumbuliwi tena na neno jipya, maana kila herufi husema leo kama ilivyosema jana, lakini katika Kiingereza herufi nne zile zile, o-u-g-h, zikikaa mwisho wa neno hutamkwa namna sita, na ukihesabu vizuri utapata ya saba. Malalamiko hayo ni ya haki. Juma hili basi na tuyatazame maneno hayo, kwa kuwa baadhi yake yamo katika barua zetu za kila siku, na liko moja liwezalo kumkosesha mtu kazi.

Tuanze na hilo, pamoja na ndugu zake wawili. "Though" maana yake ni ingawa. Lianze kwa dh ya dhahabu na ulimalize kwa o, "dho". "Through" maana yake ni kupitia, au toka mwanzo hata mwisho. Hili huanza kwa th ya thelathini na kwisha kwa u ndefu, "thruu". La tatu ni "thorough", lenye o ya ziada baada ya th, nalo husifu kazi isiyoachwa sehemu yoyote, au mtu afanyaye kazi hivyo; hutamkwa karibu na "thara". Mtu wa pwani ana bahati hapa, kwa kuwa sauti zote mbili alizipata utotoni. Hata Mkikuyu anayo dh, ingawa yeye huiandika th, kama katika jina la mji wa Thika.

Sasa tazameni hatari iliyopo. Kijana aliyemaliza shule aandika barua ya kuomba ukarani, akitaka kusema kwamba yeye ni mwangalifu katika kazi, naye aandika "I am through in my work". Alilolitaka ni "thorough". Kwa kupotea o moja tu, barua yamwambia mwajiri jambo la ajabu, maana "I am through" ni maneno ya mtu aliyekwisha maliza shughuli, au aliyechoshwa nayo asitake kuiona tena! Nimepata kuona barua ya namna hiyo ikipitishwa meza hata meza, watu wakiicheka, kisha ikatiwa kapuni. Kwa maoni yangu haikuwa haki. Huenda mwandishi wake alikuwa hodari wa hesabu na wa kutunza majalada. Lakini mwajiri hakuwa na kipimo kingine ila karatasi ile. Kwa hiyo aombaye kazi na aliandike neno hilo mara ishirini katika daftari kabla ya kuligusa katika barua.

Yako maneno mengine ambayo gh yake hugeuka f. "Enough" ni ya kutosha, "inaf". "Rough" ni kitu cha kukwaruza, kama msasa, au barabara yenye mashimo, "raf". "Tough" ni kigumu kwa namna ya nyama ya ng'ombe mzee, yaani kisichotafunika wala kukatika upesi, "taf". Na mtu mkakamavu huitwa hivyo hivyo. "Cough" ni kikohozi, "kof", na "trough" ni hori la mifugo, "trof". Lakini "dough", unga uliokandwa wa mkate au maandazi, hufuata "though" na kuwa "do". Na "plough", yaani plau ya kulimia kwa ng'ombe, pamoja na "bough", tawi kubwa la mti, huishia kwa "au". Ile ya saba ni "hiccough", kwikwi, isemwayo "hikap". Hiyo iliandikwa hivyo na watu waliodhani kwamba kwikwi ni aina ya kikohozi, na siku hizi wengi huandika "hiccup" tu. Fanyeni hivyo nanyi.

Je, machafuko haya yalitoka wapi? Zamani gh hiyo ilikuwa sauti kamili itokayo kooni, mfano wa Mwarabu asemapo kheri. William Caxton alipoanzisha mtambo wa kupiga chapa huko Westminster mwaka 1476, wengi walikuwa bado wakiitamka. Baadaye koo la Mwingereza liliiacha: katika maneno mengine sauti ikapotea kabisa, na katika mengine ikawa f, lakini vitabu vilikuwa vimekwisha kuizoea herufi, navyo havikubadilika. Waskoti hawakuiacha, na hata leo ziwa huliita "loch" kwa sauti hiyo ya koo. Jina la Thogoto, kule Kikuyu, limetokana na hao Waskoti wa misheni. Sisi nasi tulikuwa na khabari, tukalainisha koo ikawa habari. Tofauti ni kwamba tuliiondoa na k katika maandishi.

Wako waliojaribu kuwafanyia Waingereza na Wamarekani kazi hiyo. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt wa Marekani, yule aliyeshuka Mombasa mwaka 1909 akienda kuwinda, aliamuru mpiga chapa wa serikali yake atumie maandishi mapya ya maneno 300, yakiwamo "tho", "thru" na "thoro". Watu walimcheka, Bunge likapinga, na kabla ya mwaka kwisha akaiondoa amri yake. Kwa hiyo asiye na cheo cha Rais asijaribu "thru" katika barua ya kazi.

Liko kundi moja la huruma. T ikifuata baada ya gh, sauti karibu zote ni moja, "oot": "bought", alinunua, "brought", alileta, "fought", alipigana, "sought", alitafuta, "thought", alifikiri, "ought", yapasa. Linaloasi ni "drought", ukame, neno wanalolihitaji sana wakulima wa Ukambani. Hilo husemwa "draut".

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutayatazama maneno yaanzayo kwa k isiyotamkwa, kama "knife", kisu, na "knee", goti.