Michezo ya Halloween na Funzo Lake

Mwezi Oktoba 2023, wakuu wa skuli za South Orange na Maplewood, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, walitangaza kwamba sikukuu ya Halloween haitaadhimishwa tena skulini wakati wa masomo. Sababu walizozitoa zilikuwa nzito: wapo watoto ambao dini na mila zao haziikubali sikukuu hiyo, na wapo ambao wazee wao hawana uwezo wa kuwanunulia mavazi ya kujigeuza. Gavana wa jimbo hilo, Bwana Phil Murphy, aliupinga uamuzi huo hadharani. Mabishano ya namna hii huzuka Marekani kila inapokaribia tarehe 31 Oktoba, na skuli kadhaa zimekwisha kuibadili sherehe hiyo kuwa siku ya mavuno tu.

Kwa maoni yetu, pande zote mbili zimechanganya mambo mawili yaliyopaswa kutenganishwa. Mavazi ni jambo moja, na michezo ni jambo jingine.

Hebu tuitazame michezo yenyewe, jinsi inavyochezwa na wanafunzi wa madarasa ya chini. Watoto hugawanywa makundi. Mmoja husimama wima, na wenziwe humzonga karatasi za msalani toka kichwani hadi miguuni, mpaka afanane na maiti za kale za Misri. Kundi litakalomaliza mwanzo ndilo mshindi. Katika mchezo mwingine mtoto hufungwa kitambaa machoni, akatiwa mkono ndani ya bakuli la zabibu zilizomenywa, naye akaambiwa kuwa hayo ni macho ya zimwi. Bakuli la pili lina tambi baridi, na hizo ndizo utumbo wake. Wengine hurusha pete za kamba ili zinase kwenye kikonyo cha boga. Wengine hushindana kula donati iliyotundikwa kwa uzi, mikono ikiwa nyuma. Vicheko ni vingi, na gharama ni ndogo mno. Hakuna mtoto anayelazimika kuja na kitu kutoka kwao.

Wala hilo si jambo la ajabu, kwani michezo hii ilizaliwa miongoni mwa wakulima. Asili yake ni Ireland na Scotland, kwa watu wa visiwa kama sisi, waliokusanyika usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba, mavuno yakiwa yamekwisha na baridi ikianza. Mshairi Robert Burns wa Scotland aliyaandikia utenzi mazungumzo ya usiku huo mwaka 1785. Mwaka 1833 Daniel Maclise, mchoraji wa Ireland, alionyesha picha ya watu wa kijijini wakijaribu kudaka matufaha kwa midomo, mengine yakielea majini na mengine yakining'inia darini. Vyombo vya mchezo vilikuwa beseni, uzi na matunda ya shambani. Njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 ilipowatawanya Waireland kwenda Marekani, walikwenda na michezo yao, na huko boga likachukua nafasi ya mboga ya mizizi waliyokuwa wakiichonga kwao.

Lakini liko tukio moja katika historia hii ambalo tungependa wakuu wetu walizingatie zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20, usiku wa Halloween ulikuwa umegeuka kero katika miji mingi ya Marekani. Vijana waling'oa malango, wakafungua mifugo ya watu na kuharibu mali. Mji mdogo wa Anoka, jimboni Minnesota, haukuishia kuwatisha kwa polisi. Mwaka 1920 viongozi wake waliandaa maandamano na burudani za mji mzima ili vijana wawe na la kufanya. Sherehe hiyo imeendelea hata leo, na mji huo hujiita makao makuu ya Halloween ya dunia. Miji mingine nayo ilijifunza kuwa dawa ya utundu ni mchezo uliopangwa, wenye mahali pake, saa yake na mtu mzima wa kuusimamia.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na mgao wa sukari kwisha, biashara ndiyo iliyoshika usukani. Mwaka 2023 wafanyabiashara wa rejareja wa Marekani walikisia kwamba wananchi wangetumia zaidi ya dola bilioni 12 kwa sikukuu hiyo, kwa peremende, mapambo na mavazi. Hapo ndipo mtoto wa maskini alipoanza kuachwa nyuma. Kwa hiyo wakuu wa skuli za New Jersey waliuona ugonjwa sawasawa, ila iko hatari ya dawa yao kuondoa na kilicho kizima. Mavazi yangeweza kuachwa nyumbani, na jina la sikukuu pia likaachwa, huku michezo ikabaki kuwa ya watoto wote.

Hatuandiki haya kwa kutaka Halloween iletwe Unguja na Pemba. Sisi tuna sikukuu zetu, na watoto wetu wana nage, mdako na kombolela, michezo isiyodai hata senti moja. Inachodai ni uwanja na muda. Basi pale ofisi inapopima viwanja, swali la kwanza liwe watoto wa mtaa huo watacheza wapi. Pale skuli inapopanga ratiba, saa ya mchezo isiwe ya kwanza kukatwa. Na pale yanapokuja malalamiko ya vijana watundu, kabla ya kuitwa askari na iulizwe: vijana hao wamepewa nini cha kufanya? Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Anoka waliuwahi udongo wao, na zaidi ya miaka 100 baadaye mji ungali unakula matunda yake.