NYUMBA NA SHAMBA: Samadi Iliyowashinda Mchwa

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Rutuba ya ardhi ni mali ya namna hiyo. Hakuna karani aiandikaye, wala aichukuaye hapigi hodi. Mfugaji huhesabu ng'ombe wake kila jioni waingiapo zizini, lakini ni wachache wahesabuo nyasi. Siku atakapotambua kwamba malisho yamegeuka uwanja mtupu, mali imekwisha kwenda zake.

Wilaya ya Nakasongola imeyaona hayo kwa macho. Iko zaidi ya kilomita 100 kaskazini ya Kampala, kando ya barabara iendayo Gulu, nayo ni sehemu ya ule ukanda wa ng'ombe unaoikata Uganda kutoka Ankole, kusini-magharibi, hata Karamoja, kaskazini-mashariki. Askari wengi wanaifahamu, maana kuna kambi ya jeshi. Akina mama wengi wa Kampala nao wanaifahamu pasipo kuikanyaga, kwa kuwa kwa miaka mingi magunia ya mkaa yamekuwa yakishuka kutoka huko kuja kupikia matoke ya mjini.

Uharibifu ulianza kidogo kidogo. Miti ilikatwa kwa ajili ya mkaa, na kivuli kikaondoka pamoja na majani yaliyokuwa yakianguka chini. Ng'ombe walizidi kuwa wengi katika sehemu ile ile, wakala nyasi hadi shinani bila kuziacha zipumzike. Ndipo mchwa walipojitokeza. Mdudu huyu kwa kawaida si adui. Hula majani makavu, vijiti na mabaki, naye huchimba njia zinazopitisha maji ardhini. Lakini chakula chake kilipokwisha aligeukia nyasi mbichi na miche iliyokuwa ikichipuka. Penye mchwa na ng'ombe wanaogombea jani moja, jani halisalimiki. Ardhi ikabaki tupu, ngumu kama sakafu, na mvua iliponyesha maji yaliteremka mbio yakichukua udongo wa juu.

Watu hawakukaa bure. Sehemu nyingine zilizungushiwa ua ili mifugo isiingie, na mbegu za nyasi zikapandwa. Mbegu ziliota, mchwa wakazila. Ilidhihirika kwamba kumfukuza ng'ombe peke yake hakutoshi.

Katika miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere pamoja na wenzao wa nchi nyingine walijaribu njia iliyowashangaza wengi: badala ya kumwondoa ng'ombe, walimrudisha. Ng'ombe walilazwa usiku katika zizi lililojengwa juu ya ile ardhi tupu kwa muda wa majuma mawili. Kisha zizi likaondolewa, mbegu zikapandwa, na mahali pale pakalindwa. Safari hii nyasi ziliota zikasimama.

Sababu yake si uganga. Mchwa alipoletewa samadi alikuwa na chakula akipendacho, akaiacha miche ikue. Alipoishusha ile samadi ardhini aliirutubisha na kuilegeza, hata maji ya mvua yakapata pa kuingia. Hivyo yule aliyeonekana kuwa adui akafanywa kibarua asiyedai mshahara.

Faida haikuishia kwenye malisho. Katika nchi ile mifugo hunywa maji ya mabwawa ya kuchimbwa. Mteremko ukiwa mtupu, kila mvua hubeba tope na kulitia bwawani, na baada ya miaka michache bwawa hujaa udongo. Mteremko ukivikwa nyasi, maji hufika polepole, yakiwa safi zaidi. Na zaidi ya hayo, mizizi ya nyasi huweka ardhini sehemu ya ile hewa ya ukaa inayoipasha dunia joto. Malisho mema ni ghala la maziwa, na ni ghala la hewa hiyo pia.

Wasioyasadiki haya na wakumbuke yaliyowapata Wamarekani. Katika mbuga kubwa za katikati ya nchi yao, wakulima walilima nyasi za asili ili wapande ngano. Ukame ulipowakuta katika miaka ya 1930, udongo uliokosa mizizi ulipeperushwa na upepo. Tarehe 14 Aprili 1935 wingu la vumbi liligeuza mchana kuwa usiku. Siku 13 baadaye, serikali ilipitisha sheria ya kuhifadhi udongo. Somo lilipatikana, lakini familia nyingi zilikuwa zimekwisha hama mashamba yao.

Haya yanamhusu askari anayejiwekea akiba ili anunue ekari chache za kustaafia. Afadhali asiulizie bei tu. Na ainame aitazame ardhi. Akikuta madoa matupu kati ya nyasi, ajue kuna kazi. Zizi lake la usiku lihamishwe kutoka doa moja hadi jingine, na kila linapohama mbegu zifuate kabla ya mvua. Malisho yagawanywe mafungu, fungu moja likiliwa mengine yapumzike. Miti michache iachwe isimame, na moto usiwashwe kila mwaka. Hapana budi pia azizi liwe na mlinzi, kwa kuwa ng'ombe waliolala mbali na nyumba humvuta mwizi. Lakini kulinda zamu ya usiku si jambo geni kwa askari.

Isidhaniwe kwamba samadi ya majuma mawili ni dawa ya milele. Idadi ya ng'ombe ikizidi uwezo wa malisho, ile ardhi itarudi utupu wake, na kazi yote itakuwa bure.

Mama wa nyumbani aliye Kampala naye ana sehemu yake, hata kama hana ng'ombe. Katika matanuri ya udongo ya kienyeji, kilo moja ya mkaa huteketeza kilo 5 hata 10 za kuni. Kwa hiyo jiko la udongo linalohifadhi joto, sufuria yenye kifuniko, na maharage yaliyolowekwa tangu usiku ni njia za kuuacha mti mmoja usimame Nakasongola. Maganda ya matoke nayo yasitupwe mtaroni. Wafuga ng'ombe wa kandokando ya mji huyanunua kwa chakula cha mifugo, na yaliyosalia huoza yakawa mbolea ya bustani ya mboga nyuma ya nyumba.

Ardhi haina daftari, lakini ina kumbukumbu. Itunzwayo hulipa, isiyotunzwa hudai, na deni lake hulipwa na watoto.